Kwetu glovu zilikuwa jozi moja

Swali la wiki la gazeti lenu, "Je, ubondia unarithiwa?", nimelisoma nikiwa na pindo la sketi ya sare mkononi, na pindo lenyewe hadi sasa halijaisha. Mmetaja familia za mabondia, akina Matumla wa Dar es Salaam, Francis na Cosmas Cheka wa Morogoro, akina Spinks wa Marekani na akina Klitschko wa Ukraine, kisha mkatuuliza wasomaji kama ni damu. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya. Ulingoni sijawahi kupanda, ila nimezaliwa katikati ya mabondia wawili: kaka ananizidi miaka mitatu, mdogo wangu wa kiume nimemzidi miwili. Familia yetu haimo kwenye orodha yenu na haitakuwemo, lakini nadhani nina haki ya kujibu.

Si damu. Ni glovu.

Baba yetu alikuwa utingo wa malori ya Zambia. Akivuka Tunduma tulikuwa tunamsahau kwa wiki mbili, tatu, halafu anarudi na habari za bondia wao, Lottie Mwale. Wazambia walikuwa na wazimu na Mwale, aliyeshinda dhahabu ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1974, na baba naye aliambukizwa hukohuko njiani. Safari moja akarudi na jozi ya glovu nyekundu za mitumba, ngozi imepasuka kwenye kidole gumba, sponji inachungulia. Jozi moja, wavulana wawili. Kaka alichagua kwanza kwa kuwa ni mkubwa, akachukua ya kulia. Mdogo wangu akabaki na ya kushoto. Hakuna aliyewapangia hivyo, na hakuna aliyewahi kubadilishana na mwenzake. Ukigusa ya mwenzio ni ugomvi.

Begi nilishona mimi. Nilichukua gunia la viazi, nikalipiga mishono mara tatu kwa uzi wa katani, tukalijaza pumba za mpunga na vipande vya vitambaa nilivyookota kwa mama aliyekuwa ananifundisha ushonaji. Tukalitundika kwenye mparachichi nyuma ya nyumba. Asiyewahi kushona begi la pumba hajui tabia yake: baada ya wiki mbili pumba zote zimeshuka, juu panabaki laini kama mto, chini panakuwa pagumu kama kinu. Kaka alikuwa mrefu, akipiga juu. Mdogo wangu alimfika kifuani, akipiga chini, kwenye kinu. Kila jioni nilikuwa namfunga kifundo cha mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga ya mama, kimevimba. Basi mdogo wangu akawa na mkono wa kushoto unaolaza watu, na kaka akawa na wa kulia mwepesi kama wa mpiga ngoma, usioumiza. Ukienda kutafuta sababu kwa mababu wa Rungwe unahangaika bure. Sababu ni gunia.

Na hao mliowataja ni hivyohivyo. Wladimir Klitschko alipofumbua macho alimkuta Vitali nyumbani, amemtangulia karibu miaka mitano. Michael Spinks alikuwa na kaka yake Leon. Mohamed Matumla alikuwa na baba anayeitwa Rashid na baba mdogo anayeitwa Mbwana. Mtoto wa namna hiyo angekuwa nani, mhasibu? Mtoto wa bondia anakuta vifaa vipo, na yupo mtu wa kumpiga kila jioni bila malipo. Wa nyumba nyingine lazima atafute klabu, aombe nauli, aombe ruhusa.

Lakini kuna jambo kuhusu Klitschko ambalo hamkuliandika, nalo ndilo lililonifanya niache pindo. Wale ndugu wawili walimwahidi mama yao kwamba hawatapigana kamwe wao kwa wao. Walitawala uzito wa juu miaka na miaka, fedha ilikuwepo mezani, na hawakupigana. Mama yetu hakuahidiwa.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka, mwaka 1999. Bondia wetu Michael Yombayomba alikuwa ameshinda dhahabu ya Jumuiya ya Madola kule Kuala Lumpur mwaka uliotangulia, na homa yake ilikuwa haijatushuka. Kila ukumbi wenye nafasi ya kufunga kamba nne uliitisha mashindano. Huo wa kwetu sitautaja kwa sababu wenyewe bado wapo na zawadi waliyotangaza hawakuitoa. Mabondia walipimwa kwa mizani ya sokoni, ile ya kupimia viazi. Uzito wa kilo 60 walijiandikisha wanane, na wawili kati yao walitoka nyumba moja: mdogo wangu alikuwa amerefuka ghafla mwaka ule, na sisi hatukuwa tumeligundua mpaka mizani iliposema. Kura zilikuwa vikaratasi ndani ya kofia. Wakatoka pamoja, pambano la kwanza kabisa.

Jioni ya kuamkia pambano baba alisema, "Mmoja ajitoe." Hakusema nani. Wakanyamaza wote wawili, kila mmoja akitazama sahani yake. Asubuhi mama alichukua jembe akaenda shamba, Jumatatu ya Pasaka, majirani wamesimama vibarazani wanamwangalia. Mzee aliyekuwa akiwafundisha aligoma kukaa kona yoyote. Alikaa mlangoni, mikono ameikunja, kama mtu anayedai kiingilio. Kwa hiyo ndoo ya maji nikashika mimi. Ndoo moja, kona mbili. Dakika ya mapumziko niliigawa nusu kwa nusu: nampa maji kaka, namfuta, nakimbia na ndoo kuzunguka ulingo, namfuta mdogo wangu kwa taulo lilelile. Watu wakaanza kunishangilia mimi.

Kilichofuata kilichekesha kabla hakijaacha kuchekesha. Waandaaji waliwapa glovu za ukumbi, kila mtu jozi kamili, kwa mara ya kwanza maishani mwao. Na kila mmoja akausahau mkono mmoja! Wa kushoto wa kaka ulining'inia tu. Wa kulia wa mdogo wangu ulikaa kiunoni kama wa mtu anayetafuta funguo mfukoni. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Huyo mwingine mfunge kamba kabisa!" Ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Sasa fikirieni mnavyosimama mkitazamana na mtu: mkono wako wa kulia unaangaliana na wake wa kushoto. Kaka akirusha kulia, mdogo wangu naye karusha kushoto, ngumi zinagongana katikati. Pa. Zinarudi. Pa. Raundi mbili nzima ilikuwa hivyo, utafikiri zile glovu zetu nyekundu ndizo zinazotafutana. Hakuna aliyeumia. Nilianza kupumua. Nilimwambia kaka pale kona, "Malizeni hivihivi," naye akaitikia kwa kichwa. Nikazunguka na ndoo nikamwambia mdogo wangu hivyohivyo, naye akaitikia.

Raundi ya tatu na ya mwisho, karibu na kengele, mkono wa kushoto wa kaka uliamka. Ule uliolala tangu tulipoletewa glovu. Ulipita kwa chini, mfupi, ukamkuta mdogo wangu kwenye taya upande ambao hakuwa na cha kuzuia. Akakaa chini. Hakuanguka, alikaa, kama mtu aliyeletewa kigoda. Refa akaanza kuhesabu, na kaka badala ya kwenda kona akainama kumwinua. Refa akamsukuma. Akarudi tena kumwinua. Refa akamsukuma tena, sasa kwa matusi. Mdogo wangu alisimama kwenye nane, kengele ikalia, waamuzi wakampa kaka.

Mama alirudi na udongo hadi magotini. Aliuliza kitu kimoja tu: "Mmekula?" Tulikuwa hatujala. Mdogo wangu hakuweza kutafuna, na nyama ya Pasaka ilikuwepo. Kaka akatoka nje, akachuma parachichi lililoiva, akalipondaponda kwa kijiko kwenye bakuli, akatia chumvi, akaonja, akaongeza chumvi, akamsogezea. Hawakuongea. Jumapili iliyofuata kaka alitakiwa kwenye nusu fainali, akasema ana safari ya Tunduma. Alikwenda kweli. Yuko huko hadi leo, ana bodaboda tatu na tumbo, na ulingoni hakurudi tena. Aliyeendelea ni aliyepigwa: alikwenda Dar, akapigana miaka sita kwenye mapambano ya utangulizi, yale yanayochezwa watu wakiwa bado wanatafuta viti. Promota mmoja amemdhulumu mara mbili. Sasa anafundisha watoto wa mtaani hapahapa Mbeya, na asubuhi za baridi ya Juni ile taya bado inamsumbua.

Mara moja tu nilimuuliza kaka kuhusu ngumi ile. Alisema, "Mdogo wangu, mkono ulikwenda wenyewe."

Nimeandika hadi hapa ndipo nimeona ninachokisema. Mkono ulikwenda wenyewe. Mkono ambao haukuwahi kuvaa glovu, haukuwahi kugusa begi, haukufundishwa na mtu. Kama ni glovu tu, kama nilivyowaambia kwa kiburi huko juu, ule mkono ulijifunza wapi?

Na kuna jingine nililolikalia. Nyuma ya nyumba yetu walikuwa wanakuja wavulana watano wa jirani. Begi lilelile, mparachichi uleule, wakiazima glovu zilezile kaka na mdogo wangu wanapokwenda kuchota maji. Hakuna hata mmoja aliyefika hata kwenye mizani ya viazi. Halafu kuna Laila Ali. Yule baba yake hakumvalisha glovu. Muhammad Ali hakupenda kabisa binti yake apigane, na msichana mwenyewe alivutiwa baada ya kumwona bondia mwanamke, Christy Martin, kwenye televisheni. Akaanza mwaka 1999, akaacha bila kupigwa hata mara moja, mapambano 24. Mwaka 2001 alipambana na Jacqui, binti wa Joe Frazier, miaka 30 baada ya baba zao kukutana ulingoni mara ya kwanza. Wanawake wawili watu wazima, kila mmoja na maisha yake, na bado wakajikuta palepale. Mimi dada wa mabondia ninapofika kwa hao wawili ninakosa la kusema, isipokuwa kwamba kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka kujaribu ile glovu.

Lakini msikimbilie damu kwa furaha. Hapa Mbeya wapo wanaoapa kwamba bondia Hassan Mwakinyo ni mjukuu wetu, eti kwa sababu jina linaanza na Mwa, kama majina mengi ya huku. Ni mtoto wa Tanga. Alipomshinda Mwingereza Sam Eggington kule Birmingham mwaka 2018, raundi ya pili tu, nilisikia wazee wawili hapa sokoni wakigawana ukoo wake. Damu ina tabia hiyo, inatafutwa baada ya ushindi. Familia zenye wavulana wawili waliopigana na wote wakaishia bodaboda na maumivu ya taya, nani anazihesabu? Mngezihesabu hizo, orodha yenu ingejaa gazeti, na swali lingekuwa jingine.

Basi kama mnataka jibu la kuchapa: ndiyo, kuna kitu kinachopita ndani ya nyumba, na si glovu peke yake. Nasema hivyo nikiwa siamini sawasawa, na nisingependa mama yangu alisome. Kama ni damu, basi ilimpitia kaka, aliyeshinda na kuacha, ikamwacha mdogo wangu, aliyepigwa na kuendelea; na kama ndivyo inavyogawa, haina akili. Msinikate hapo kwenye "haina akili."

Glovu ya kulia kaka alimpa mdogo wangu siku ile anaondoka kwenda Tunduma, akaenda nayo Dar. Ya kushoto mshono wake ulikuwa umeachia kwa zile ngumi za chini ya begi, akaniachia niishone atakaporudi kuichukua. Huko akanunua mpya. Ile ya kushoto ipo hapa dukani, nimeitundika msumarini karibu na cherehani, naweka vifungo ndani yake. Mwanangu ana miaka kumi na nne. Wiki iliyopita nimemkuta ameivaa, vifungo vyote amevimwaga kwenye kitambaa cha mteja, vya shati na vya suti vimechanganyika. Nimemwambia avue, aanze kuvichambua.