Kabla hujachongesha jina kwenye fremu

Baiskeli yangu ya kwanza ya maana ilikuwa ya mtumba, fremu ya chuma, nyepesi, bluu iliyopauka. Wakati huo nakaa Temeke, na wizi wa baiskeli ulikuwa nje nje, nikaona dawa ni kuichonga jina. Kijana mmoja mwenye grenda akanichongea herufi saba kwenye bomba la chini, jirani na kichwa cha fremu, akamalizia na mistari miwili iliyozunguka bomba kama bangili. Ikapendeza kweli, siwezi kukataa.

Haukupita mwaka. Nikibeba madumu ya maji, mbele kukawa kunalia kwe, kwe, kila nikikanyaga peda. Nikajua ni gololi za hendeli. Nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi, Buguruni.

"Shikamoo mzee, gololi zimekufa."

"Marahaba. Nani kakwambia ni gololi?"

Hakufungua kitu. Alilowesha kitambaa petroli, akafuta ile bangili, akaniita. "Pitisha ukucha hapa, mwanangu." Ukucha ukakwama. Ufa ulikuwa umefuata mstari wa urembo, robo nzima ya mzunguko wa bomba, na ndani yake uzi mwembamba wa kutu.

Umewahi kununua kitambaa Kariakoo? Muuzaji hakati mita tatu zote kwa mkasi. Anatia alama ndogo pembeni, halafu anavuta kwa mikono, kitambaa kinachanika chenyewe kufuata pale pale. Bila ile alama angevuta mpaka jasho limtoke. Chuma nacho ndivyo, ila hakichaniki siku moja. Kila shimo la barabara linavuta bomba kidogo na kulibana kidogo, na nguvu yote inajazana kwenye ncha ya mchoro. Siku nyingi zikipita, ufa unazaliwa.

Kwa hiyo tatizo si urembo. Angalia kina, mwelekeo na mahali. Mchoro unaokwenda kwa urefu wa bomba una nafuu kubwa kuliko unaolikata kwa upana, na mimi niliweka bangili! Karibu na maungio ndiko mzigo unakong'ang'ania, tena mimi ndiko nilikochagua. Kina ndicho kinachowadanganya wengi. Zile baiskeli nzito za kubebea mkaa zina mabomba manene, zinavumilia mengi. Lakini fremu nyepesi za chuma, nyingine bomba lake katikati lina unene wa milimita 0.5 tu. Grenda ikiteleza kidogo, umebaki na karatasi.

Alumini ndiyo kabisa usiiguse. Chuma ukikipa mzigo mdogo kinaweza kuvumilia miaka na miaka. Alumini kila mtikisiko inauandika kwenye daftari. Na ikipasuka, usikubali fundi wa kando ya barabara akuchomelee tu. Joto lenyewe linalegeza eneo la pembeni ya kiungo.

Stika, rangi ya kupuliza, maua ya brashi: pamba utakavyo, hayo hayafiki kwenye chuma. Ila usikwangue rangi ya zamani ukaacha chuma wazi, hasa ukikaa karibu na bahari. Kutu nayo inachimba.

Geuza baiskeli yako sasa hivi utazame pale inapopita ekseli ya peda. Kwenye nyingi utakuta namba ya kiwandani imegongwa hapo. Wenyewe wanagonga hapo kwa sababu chuma ni kinene. Ukilazimika kuweka alama yako, ifuate hiyo namba. Mimi siku hizi naandika jina na namba ya simu kwenye karatasi, naifunga nailoni, naisukumia ndani ya bomba la siti. Mwizi hana habari nayo.

Ile fremu mzee aliikata. Kipande chenye bangili kinaning'inia kibandani kwake mpaka leo, na kijana akija anataka achongewe jina, anapewa kwanza akipitishie ukucha.