Barua kwa Mwanangu: Rangi ya Gari la Bei Nafuu

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeniuliza kama kuna maana ya kuhangaika na rangi ya gari ulilonunua kwa bei ya chini. Wenzako wanasema ni kumvisha punda hereni, na muosha magari anakushawishi ulipie seramiki, ile kinga ya majimaji inayopakwa juu ya rangi ikaganda. Jibu langu: ilinde, ila kwa vitu vya bei ndogo. Seramiki ya fundi na ile plastiki ya kuvalisha bodi nzima, achana nazo.

Bodi ni bati, na kinacholitenga na maji ni matabaka ya rangi. Kwenye gari lenye rangi ya kiwandani, yote kwa pamoja huwa kama maikroni 100 hadi 150 (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Unywele mmoja wa kichwani ni kama 70. Chini kabisa kuna praima, yaani rangi ya msingi, kati rangi yenyewe, juu lile tabaka angavu ambalo mafundi huliita klia, maikroni 40 hadi 50 hivi. Klia ndiyo inayopokea jua, vumbi na mavi ya ndege. Kila ukipiga polishi ya kukwangua unapunguza maikroni chache, na klia iliyokwisha kuliwa hairudi.

Ndiyo maana nasema, kabla hujanunua kopo lolote, tazama kama klia bado ipo. Anza na paa na boneti, maana ndiko jua linakochapa. Ukiona mabaka meupe yenye kingo zinazobanduka kama ganda la kitunguu, na kucha inanasa ukingoni, hapo klia imekufa. Nta haitaifufua, hata ukipaka kila siku. Dawa yake ni msasa na kupuliza upya sehemu ile. Kama hakuna kinachobanduka ila rangi imefifia tu, chukua kitambaa cheupe na polishi kidogo, usugue mahali padogo pasipoonekana. Kitambaa kikibaki bila rangi ya gari, klia ipo. Kikishika rangi, ama klia imekwisha ama gari lilipakwa rangi isiyo na klia kabisa. Rangi ya namna hiyo hung'aa tena kwa polishi, lakini inahitaji nta mara kwa mara zaidi.

Sasa nikuambie kinachoharibu rangi kuliko yote: mkono unaoosha. Ile mikwaruzo myembamba ya duara inayoonekana jua likipiga hutokana na mchanga ulionaswa kwenye sponji. Kwa hiyo osha hivi. Weka gari kivulini, boneti iwe imepoa. Mwagia maji mengi kwanza, vumbi liondoke bila kuguswa. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glavu ya kuoshea kila ukimaliza sehemu moja. Shuka kutoka paani kwenda chini, ukivuta kwa mistari iliyonyooka. Rimu na sehemu za chini ziwe na kitambaa chao wenyewe, kisirudi juu kamwe. Kitambaa kikianguka chini, hata mara moja, weka pembeni hadi kifuliwe. Kausha kwa taulo la maikrofaiba, usiache maji yajikaukie, maana chokaa yake hubaki kama madoa. Na sabuni ya vyombo uiache jikoni: kazi yake ni kukata mafuta, basi inaondoka na nta uliyopaka.

Mavi ya ndege usiyaparuze. Yana asidi, na gari likiwa juani klia hulainika. Likipoa inajikaza juu ya uchafu uliokauka, ndiyo maana doa hubaki na umbo lake hata ukiosha. Weka kitambaa kilicholoa maji juu yake dakika 5 hadi 10, kisha nyanyua. Fanya siku ileile.

Tuje kwenye kinga yenyewe. Baada ya kuosha na kukausha, vaa mfuko mwepesi wa plastiki mkononi, upapase boneti. Mfuko unakuza hisia: utasikia kama msasa pale penye chembe za chuma za breki na utomvu wa miti. Chembe hizo zinatolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaotelezeshwa juu ya maji ya shampuu. Ukiuangusha, tupa. Kisha paka. Nta ya kopo ya karnauba, inayotokana na majani ya mti wa jamii ya minazi unaoota Brazili, hukaa kama mwezi mmoja hadi miwili. Kinga ya kutengenezwa kiwandani, ya kupaka au ya kupuliza, hukaa miezi kadhaa, na kwa gari kama lako mimi ningechagua ya kupuliza: kwa kuwa kazi ni rahisi, utaifanya kweli. Nta ya kopo inataka uvumilivu. Chota kiasi cha sarafu, kitoshe nusu ya boneti, utandaze wembamba kabisa. Ikianza kuwa na ukungu, pitisha kidole. Alama ikibaki safi, futa. Kupaka nene hakuongezi siku, kunaongeza jasho tu. Usiguse plastiki nyeusi zisizopakwa rangi, zitabaki na weupe mkaidi.

Utajua muda wa kurudia ukimwagia maji gari lililo safi. Matone yakisimama kama shanga, kinga bado ipo. Yakilala bapa, imekwisha.

Kuhusu seramiki: ni kinga nzuri, hukaa mwaka au zaidi. Lakini ni nyembamba mno kuzuia jiwe, na gharama kubwa iko kwenye maandalizi, yaani kupiga polishi kwanza, kwa sababu mkwaruzo wowote utakaofunikwa utabaki humo. Gari lililopita mikononi mwa watu huenda limeshapigwa polishi mara nyingi, na hiyo klia iliyosalia ndiyo utakayoilipia ikwanguliwe tena. Plastiki ya kuvalisha, yenye maikroni 150 hadi 200, ndiyo inayozuia mawe kweli. Ila gari likiwa limewahi kupakwa rangi vibaya, siku ya kuibandua inaweza kuondoka na rangi. Nunua vipande vidogo tu, ubandike nyuma ya vishikio vya milango na kwenye ukingo wa buti.

Pesa utakayookoa ipeleke kwenye matundu yaliyochimbwa na mawe kwenye rangi. Bampa ya plastiki haishiki kutu, iache. Boneti na kingo za milango usiziache. Tafuta namba ya rangi kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, upate kichupa kinacholingana. Toa kutu kwa kipande kidogo cha msasa kilichofungwa kwenye ncha ya njiti, futa kwa spiriti, gusa praima kama bati linaonekana, kisha rangi mara mbili au tatu kwa ncha ya kijiti, kila mara ikauke, mwisho klia. Mahali hapo usipake nta kwa wiki kadhaa. Na ukiosha, elekeza maji ndani ya madigadi na uzibue vitundu vilivyo chini ya milango. Kutu nyingi huanzia ndani, ambako hakuna nta inayofika.

Turubai la kufunika gari, hapana, labda gari liwe safi: juu ya vumbi turubai ni msasa unaochezwa na upepo. Kivuli kinatosha.

Nitumie picha ya paa, uipige karibu, jua likiwa pembeni. Nikiona ukingo unaobanduka nitakuambia tuanzie kwa fundi wa rangi badala ya dukani.

Mama yako