Muulize Fundi: Boti inalala huku na huku, ninunue taibaa nene?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina boti ya mbio, injini mbili za nje, usukani wa haidroliki silinda moja, na taibaa, ile fito ya chuma inayounganisha injini mbili zigeuke pamoja, imefungwa kati ya mashine. Kasi ya kawaida iko poa kabisa ila nikifungua gesi yote inaanza kulala kushoto, kulia, kushoto, kulia, na usukani unanicheza mkononi hadi naogopa. Jamaa yangu anasema ninunue taibaa nene ya stenlesi itatulia. Nitoe hela?

JIBU: Nzuri, kaka. Usitoe bado. Jamaa hana nia mbaya ila amekimbilia dukani kabla ya kushika spana, na hilo naliona kila siku, mtu anafunga baa inang'aa kama kioo halafu bushi zimekwisha.

Iko hivi, silinda yako moja inasukuma mashine moja tu, ile ya pili inavutwa na taibaa. Kwa hiyo plei (kulegea) yoyote kwenye boljointi, vile viungo vya kugeuka vya ncha za baa, inaipata ile ya pili, inabaki inatikisika kidogo peke yake, na kwa kasi kubwa hako kadogo kanatosha boti ilale, wewe unarudisha usukani, unachelewa nusu sekunde, inalala upande wa pili, basi mmeshaanza kucheza ngoma wewe na boti. Unene wa baa hauondoi plei hata kidogo.

Weka boti kwenye trela, zima kila kitu, shusha mashine zote mbili. Mtu ashike usukani usisogee, wewe shika lile pezi la chini ya propela ya mashine ya pili uitikise kushoto kulia, na mwingine aweke kidole juu ya boljointi. Kidole kikisikia "tk tk" hapo, mwizi umempata, badilisha boljointi, na nati zenye plastiki ndani usizirudishe, weka mpya. Boljointi zikiwa kimya lakini mashine zote mbili zinakwenda pamoja, angalia silinda na mabano yake, na kama usukani unabonyea kama sponji kuna hewa kwenye mafuta ya haidroliki, itolewe. Kama mashine inacheza kwenye bracketi yake yenyewe, hapo ni bushi, taibaa haihusiki.

Plei ikiisha ndo unakuja alaimenti, yaani kupanga mashine zielekee sawa, na hapa wengi wanaruka. Weka mashine zote trimu sawa, yaani pembe ileile ya kuinama, usukani katikati, pima kwa futi umbali kati ya giaboksi mbili kwa mbele, halafu kwa nyuma, urefu uleule kutoka chini. Vipimo vikilingana mashine ziko sambamba, anzia hapo. Kuna boti zinazopenda mbele pafunguke kidogo, nyingine pafungwe kidogo, inategemea bodi na propela zinazunguka upande gani, kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji kwanza halafu ndo ujaribu, nusu mzunguko wa baa kwa wakati mmoja, mafuta yaleyale, watu walewale, uangalie spidi na rpm. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia. Ukimaliza kaza lokinati, ile nati inayozuia baa isijigeuze, na hakikisha uzi wa kutosha umebaki ndani, boljointi iliyoshikwa na nyuzi mbili tatu ni hatari tupu.

Na kama yote yako sawa bado inalala? Shusha trimu kidogo, cheki mzigo haujaegemea upande mmoja. Ikikuanzia ukiwa kasini, punguza gesi taratibu, usipigane nayo kwa usukani.

SWALI: Shikamoo fundi. Nilinyanyua mashine moja tu nitoe kamba kwenye propela, sasa baa imepinda. Naweza kuinyoosha kwa moto?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, tupa. Boljointi zina mwisho wa kugeuka, mashine moja ikienda juu kabisa na nyingine imebaki chini, zikifika mwisho baa ndo inabeba nguvu yote. Iliyopinda imeshachoka, na ikikatika ukiwa spidi kila mashine inaelekea kwake. Angalia pia bracketi na bolti kama kuna nyufa. Zipo baa zinazoruhusu kunyanyua moja moja, ila kama kitabu cha yako hakisemi hivyo nyanyua zote pamoja.

SWALI: Mashine zangu mpya ni usukani wa umeme na jostiki, sioni taibaa popote. Fundi aliyenifungia kasahau?

JIBU: Hajasahau, mkuu. Hizo kompyuta inageuza kila mashine kivyake, ndo maana boti yako inaweza kwenda ubavu ukiwa gatini. Ukizifunga baa zitavutana zenyewe kwa zenyewe mpaka kitu kivunjike, kwa hiyo mtu akikuuzia taibaa ya hizo mwambie asante, nenda zako.