Magoti ya binti yangu yanarudi nyuma: aache isukuti?

Swali: Daktari, nina mabinti wawili hapa Shinyalu. Mkubwa, miaka 13, yuko timu ya isukuti, ngoma yetu ya Kiluhya, shuleni. Akisimama, magoti yanarudi nyuma kama upinde, na usiku baada ya mazoezi analia yanamuuma. Mdogo wake wa miaka 8 hachezi ngoma, lakini vidole vyake vinapinda vilevile, na akiandika ukurasa mmoja mkono umeshachoka. Nimkataze mkubwa kucheza?

Jibu: Mama, mimi si daktari, ni mtu wa fiziotherapia, ila swali lako liko kwenye kazi yangu kabisa. Usimkataze bado.

Wapime wote wawili jioni. Kidole cha mwisho kikisukumwa nyuma kinapita digrii 90? Gumba linagusa kigasha? Kiwiko kinapita mstari ulionyooka kwa zaidi ya digrii 10? Goti je? Kila upande ni alama 1, jumla 8. Ya 9 ni kuweka viganja sakafuni bila kukunja magoti. Hicho ni kipimo cha Beighton. Asiyebalehe akifikisha 6, aliyebalehe 5, tunasema viungo ni legevu. Lakini hiyo ya 9 mchezaji huipata hata kwa mazoezi tu, na alama hazikuambii kama mguu una nguvu. Ulegevu huu hurithiwa, na wasichana wanao zaidi, kwa hiyo dada wawili kuwa nao si ajabu.

Kano zao, yaani nyuzi zinazoshikanisha mifupa, zinanyumbuka kupita kawaida, basi misuli ndiyo inayoshika breki. Ikichoka, goti linaning'inia kwenye kano. Ndiyo hayo maumivu ya usiku. Mdogo naye hukaza kalamu ili vidole visipinde.

Mkubwa aache kujinyoosha zaidi. (Mwalimu akimsifu kwa kupinda, mimi roho hainitulii.) Akisimama, magoti asiyafunge, ayalegeze kidogo. Ugali ukiwa jikoni, asimame peku kwa mguu mmoja sekunde 30, goti lielekee kidole cha pili cha mguu, kisha abadilishe. Halafu ainue visigino polepole, na kushuka polepole zaidi. Isukuti hutikisa mabega sana, kwa hiyo aongeze kusukuma ukuta. Siku tatu kwa wiki zinatosha kuanzia.

Mdogo mpe kalamu nene, apumzike kila baada ya mistari michache, na aruke kamba. Hata ngoma itamfaa.

Usingoje ikiwa kiungo kimevimba au kina joto, kinakakamaa asubuhi, kinatoka mahali pake, au ngozi inavutika sana na kuacha makovu membamba. Hapo mwone daktari.

Magoti yakiendelea kuuma baada ya wiki sita, mlete kwa mtaalamu wa fiziotherapia aliye karibu. Avae kaptula, tuyaone hayo magoti akicheza, si akiwa amelala kitandani.