Kabla ya kupima dozi, andika saa

Ajali ya kritikaliti, pale urani au plutoni inapokusanyika kupita kiasi na mpasuko wa atomi ukajiendesha wenyewe, humaliza mengi kwa kufumba na kufumbua. Nimefundisha timu za dharura kwa miaka mingi, na mazoezini karibu kila mara watu hukimbilia vipima mionzi huku hakuna aliyeandika king'ora kimelia saa ngapi. Nawasihi, anzeni na kalamu.

Nyutroni, chembe zinazorushwa na mpasuko huo, zikimpenya mtu, sodiamu ya damuni mwake hugeuka sodiamu-24, ambayo hutoa miale ya gama na kupungua nusu kila saa 15. Damu iliyochukuliwa bila kuandikwa saa ni damu iliyopotea nusu ya maana. Indiamu, metali iliyomo kwenye beji ya kupimia mionzi anayovaa mfanyakazi, nayo ikishapigwa na nyutroni haikungoji kabisa: hupungua nusu kila dakika 54 hivi, na baada ya saa tisa inabaki takriban sehemu moja tu kati ya elfu.

Kuwachambua watu haraka, waondoe eneo lenye mionzi, wavue nguo, waoshe. Kisha mweke mtu kipima mionzi tumboni, ainame akikumbatie kwa mwili wake. Kama kinaendelea kulia na kwingine mwilini hakuna uchafu wenye mionzi, mionzi inatoka ndani. Naipenda mbinu hii kwa sababu haihitaji maabara. Lakini usiigeuze kuwa dozi hapo hapo, maana uwiano wa nyutroni na gama hutofautiana kati ya ajali na ajali. Baada ya ajali ya Y-12, kiwanda cha nyuklia huko Oak Ridge, Marekani, mwaka 1958, wataalamu walilazimika kuiga ajali ile na kumweka punda kwenye mionzi yake ili wajue sodiamu kiasi gani ni dozi kiasi gani.

Nguo usizitupe. Zifunge mfukoni pamoja na vifungo na mkanda, uandike jina. Muulize kila mmoja alisimama wapi na aligeukia wapi, kwa kuwa mwili wenyewe ni kinga: tumbo laweza kupata dozi kubwa kuliko mgongo. Nywele za kichwani, kifuani na miguuni ziwekwe mbalimbali. Salfa iliyomo kwenye nywele hugeuka fosforasi-32, ambayo hupungua nusu kwa wiki mbili hivi, kwa hiyo hapo huna haraka.

Tokaimura, Japani, mwaka 1999, sodiamu, limfosaiti (aina ya chembe nyeupe za damu) na kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli, ambazo mionzi huziharibu) zote zilitumika kukadiria dozi, na bado dozi ya aliyeumia zaidi ilitajwa kuwa kati ya 16 na 25 kwa kipimo cha grei linganifu, yaani grei (kipimo cha mionzi iliyofyonzwa na mwili) iliyorekebishwa ili nyutroni na gama zijumlishwe pamoja. Basi usimpe daktari namba moja yenye desimali. Mpe kiwango cha chini na cha juu, kwa grei, nyutroni peke yake na gama peke yake. Usitumie sivati; kipimo hicho kimekusudiwa hatari ya saratani kwa dozi ndogo, ilhali daktari anataka kujua kama uboho utaacha kutengeneza damu. Na asingoje kromosomu, kwani kuotesha seli tu huchukua siku mbili. Ahesabu limfosaiti tena na tena tangu saa za mwanzo.