Jibu: "Krediti" ni mkopo au pesa iliyoingia?

Umeuliza kwa nini taarifa ya benki huandika krediti pesa inapoingia, wakati sisi tunalijua neno hilo kama mkopo. Maana zote zipo; angalia kwanza daftari ni la nani. Dukani ni mkopo, au mali kauli kama unalipa baada ya kuuza. Kenya, kredo ni salio la simu tu. Kwenye uhasibu ni upande wa kulia wa akaunti, ambako deni unalodaiwa huandikwa. Ukiweka 50,000, benki inadaiwa na wewe, kwa hiyo vitabu vyake vinaandika krediti. Kwenye vitabu vyako wewe, 50,000 hiyohiyo ni debiti, yaani upande wa kushoto, kwenye akaunti ya benki. Wengi hunakili taarifa ya benki ilivyo kwenye vitabu vyao, ndipo salio lao linatokea hasi.