Je, kila namba kwenye msimbo wa programu lazima ipewe jina?

Ndugu, umesema anayekukagulia msimbo amekuagiza uipe kila namba jina, na sasa faili la programu yako ya kuuza mahindi linaanza na SIFURI = 0, MIA = 100 na TISINI = 90. Mimi ningezifuta zote tatu, ingawa agizo lenyewe lina msingi.

Nilikuwa natunza programu ya mauzo ya duka moja la jumla hapa Kisumu wakati kodi ya ongezeko la thamani (VAT) iliposhushwa kutoka asilimia 16 hadi 14, tarehe 1 Aprili 2020. Aliyenitangulia alikuwa ameandika 16 tupu kila mahali. Kuzibadilisha kwa mkupuo mmoja hakukuwezekana, maana 16 nyingine zilikuwa upana wa jina la bidhaa kwenye risiti. Ikabidi nisome mstari baada ya mstari. Jina kama KIWANGO_CHA_VAT, lenye thamani 16 mahali pamoja tu, lingeniokolea kazi hiyo yote.

Lakini hata jina hilo lingefaa kwa muda tu. Januari 2021 kiwango kilirudi 16, na risiti ya Juni 2020 ikichapishwa upya lazima ionyeshe 14. Kinachobadilika kwa tarehe si konstanti, yaani thamani yenye jina isiyogeuka. Kiwekee jedwali la viwango na tarehe vilipoanza. Herufi kubwa humwambia msomaji kwamba thamani haigeuki, na akishaamini hivyo haendi kuihakiki.

Sasa hiyo TISINI. Hainielezi lolote ambalo 90 haijanieleza, na ina hatari. Gunia lako ni kilo 90, na mteja wa mkopo unampa siku 90. Bosi akipunguza mkopo uwe siku 60, mtu ataandika TISINI = 60, na kila gunia litapoteza kilo 30 kwenye hesabu. Weka KILO_ZA_GUNIA na SIKU_ZA_MKOPO, kila moja peke yake, hata kama leo thamani ni ileile.

Kugawanya asilimia kwa 100, au jumla ya bei mbili kwa 2 upate wastani, acha namba zenyewe. Kila msomaji anazijua. Na konstanti inayotumika ndani ya fanksheni moja tu (kipande cha msimbo chenye kazi yake) itangaze humohumo, juu ya hesabu yake, ili nisipande hadi mwanzo wa faili kuitafuta.

Mkaguzi wako akishikilia msimamo wake, muonyeshe mfano wa gunia na mkopo kwenye faili lako mwenyewe.